Kikao cha Ijumaa: Msumbiji

Assalamu alaykum wanabaraza. Ijumaa tupo palepale Wete, baada ya Isha.

Mada ni Msumbiji. Vita vya waasi wa RENAMO na serikali ya chama cha FRELIMO vilianza 1977, miaka miwili tu baada ya uhuru, vikamalizwa kwa mkataba wa Roma, Oktoba 1992. RENAMO wakawa chama, lakini silaha hawakuzitoa zote. 2013 zikalia tena. Dhlakama, kiongozi wa RENAMO, alitaka kutawala mikoa aliyoshinda, si viti vya bunge tu. Hapo nataka tukae sana, maana na sisi Zanzibar kura ya maoni ya 2010, ile ya serikali ya umoja wa kitaifa, tunaikumbuka.

Ya vyama vyetu yaacheni nyumbani, jamani, mara ile kahawa ilipoa bure. Kashata nani analeta?