Barua kwa mwanangu anayesubiri meli Bremen

Nassau, Ujerumani, Oktoba 1846

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Barua hii anakuletea jirani yetu fundi mapipa, anamsindikiza binti yake hadi melini. Isome kabla hujapanda, na pale nilipoandika habari za pwani upasome mara mbili.

Wiki iliyopita mke wa mhunzi alipata barua ya mdogo wake aliyekwenda Texas, huko huko uendako, mwaka jana. Nilikuwapo ikisomwa, baba, na tangu siku hiyo usingizi umenipaa. Walishushwa kwenye ghuba ya Matagorda, mahali panapoitwa Indian Point. Mti hakuna, ni mchanga mtupu. Waliahidiwa magari ya ng'ombe ya kuwapeleka bara, wakakaa kuyangoja. Mwezi wa Mei mwaka huu Marekani ikaingia vitani na Mexico, jeshi likayakodi magari kwa bei ambayo mhamiaji haiwezi, nao wakabaki palepale. Wengine wamechimba mashimo mchangani na kuyafunika kwa maturubai, mvua inawanyea humo humo. Homa, kuhara damu, kuzika. Shemeji yake mke wa mhunzi amezikwa ndani ya sanduku lake la nguo, lile la samawati ulilosaidia kulipakia, maana mbao za jeneza hazikupatikana.

Nakusihi usikae pwani. Ukishushwa asubuhi, jioni uwe umeshatoka. Usingoje gari la kuahidiwa. Ile karatasi ya chama cha wahamiaji uliyotia saini kabla hata ya kumwambia baba yako imeandikwa gari, imeandikwa ekari 160, lakini karatasi haivuti mzigo. Ungana na wenzako wanne watano, mtafuteni mkulima wa mji wa Victoria mwenye gari lake, mlipeni. Fedha nilizokushonea kwenye pindo la koti ni za gari hilo, si za bunduki wala farasi. Zile gulden 300 za safari alizitoa baba yako alipouza shamba la mtoni. Hizi za koti ni zangu, za mabata bukini.

Gari likikosekana, tembeeni. Kutoka Victoria njia inakwenda Gonzales, kisha Seguin, kisha New Braunfels, ambako kuna Wajerumani wenzetu na maji safi ya mto Comal. Kutoka pwani ni zaidi ya maili 120, nawe una miguu. Ila ondoka ungali mzima. Mdogo wake mke wa mhunzi ameandika kwamba wengi walianza safari wakiwa tayari na homa, wakaanguka njiani, wengine hawakuzikwa. Kwa hiyo usikae pwani hata kama wenzako wote wanakaa, hata kama umeahidiwa gari la kesho.

Sisemi urudi. Viazi vimeoza tena kama mwaka jana, na nafaka ya rai haikujaa hata nusu ya ghala. Shamba lililobaki likigawanywa kwenu ndugu watatu, kila mmoja atapata kijisehemu cha kulisha mbuzi. Siku ile mezani nililisema hilo kwa ukali, na wewe ukaondoka kabla ya mkate kuiva, hata bibi yako hukumuaga. Ameulizia mpaka leo. Mwandikie yeye peke yake, si mstari mmoja chini ya barua yangu.

Baba yako hatakuambia, basi nakuambia mimi. Kanisani anawatajia watu hizo ekari 160 mpaka mchungaji amezijua kwa moyo. Kijiji kizima hapa hakuna mwenye robo yake.

Nasikia huko mtu mweusi hununuliwa mnadani kama ng'ombe. Wewe ardhi yako uilime kwa mikono yako, hata ukilima ekari 10 tu za kuanzia. Na Wacomanche, wenyeji wa huko ambao hiyo ardhi ya mbele ni yao, ukikutana nao usiwe wa kwanza kushika silaha. Pombe unajua mwenyewe.

Plamu kavu ziko kwenye mfuko wa kitani, usizile zote baharini, ni dawa ya tumbo gumu. Soksi za sufu zivae zikiwa kavu. Ng'ombe mwekundu amezaa dume. Dada yako ataolewa baada ya Krismasi, mahari ya vitambaa imekamilika isipokuwa mashuka mawili. Bomba la jiko bado linavuja moshi, kaka yako anasema kesho tangu ulipoondoka.

Jambo jingine, ufunguo wa ghala hatuuoni. Nadhani umo kwenye mfuko wa koti lako la zamani. Mpe fundi mapipa, anarudi baada ya meli kuondoka, na tufaha ziko uani zinangoja kuingizwa ndani kabla ya baridi.

Mama yako