Usiulize kama kuna ngano

Mpwapwa, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, mama yako anakusalimu, na uwele tumeshauanika. Uliponiambia juzi kwamba umelala siku mbili na tumbo, baada ya kwenda na wenzako wa ofisini kwenye mgahawa wa Kihindi hapo Dodoma mjini, usingizi ulinipaa, maana kwa seliaki yako ngano hata kidogo inakudhuru. Ukasema, "Lakini baba, nilikula wali na dengu tu, na mhudumu aliniambia hamna ngano." Simu haikutosha kuyasema yote, ndiyo maana nakuandikia.

Unajua nilisimama mbele ya tanuri la mgahawa kama huo miaka 11, wewe ukiwa mdogo. Siku moja mteja aliuliza kama dengu zetu zina ngano. Mhudumu akaja jikoni kuniuliza. Nikamjibu bila hata kugeuka, "Dengu na ngano wapi na wapi? Mwambie hamna." Yule mteja akala, akatuma shukrani jikoni. Mwanangu, sikukusudia kumdanganya, sikujua tu. Zile dengu nilikuwa nazitia hing, ule unga wa manjano wenye harufu kali unaorushwa kidogo kwenye mafuta ya moto pamoja na binzari nyembamba. Hing yenyewe ni utomvu mkavu wa mmea. Lakini ile ya kusagwa inayouzwa madukani mara nyingi imechanganywa na unga wa ngano, na kwenye kikopo imeandikwa. Miaka yote ile nilikishika kikopo kila siku na sikuwahi kukisoma. Nilikuja kukisoma ulipougua wewe. Mpaka leo yule mteja ananijia kichwani.

Kwa hiyo usiulize kama chakula kina ngano. Mpishi akisikia ngano anawaza chapati, mkate wa naan na sambusa, basi. Mtajie kitu chenyewe. Hing mnayotia imechanganywa na unga gani? Ipo yenye unga wa mchele, lakini omba ukione kikopo. Mchuzi wa kuku mnauzidishia uzito kwa kitunguu na nyanya, au mnatia unga? Na swali umpelekee mpishi, usiishie kwa mhudumu. Dengu nyingi huchemshwa mapema na viungo hukaangwa mteja akishaagiza, kwa hiyo mpishi anaweza kukukaangia zako kwa kitunguu saumu na binzari nyembamba bila hing. Mwambie pia atumie kikaango kisafi.

Kuku wa tandoori niache nikueleze vizuri, kwa sababu unampenda. Yeye mwenyewe amelala kwenye mtindi na viungo, hana kosa. Ila mahali anapoivia ndipo penye shida. Meza yangu ilikuwa nyeupe kwa unga kutwa nzima. Nilikuwa natandaza donge la naan juu ya kigodoro cha kitambaa, naingiza mkono tanurini na kulibandika ukutani. Likiiva nalibandua, vipande vinabaki, unga unapeperuka. Humo humo namshusha kuku kwenye sikhi yake, ule mchi mrefu wa chuma. Kisha kwa mkono uleule naokota giligilani na kunyunyizia bakuli la mtu. Ukimuona kuku anatoka kwenye tanuri la naan, muache, hata kama roho inakuuma.

Bhajia ni za unga wa dengu, lakini tazama karai: kama sambusa zinaogelea humo, si zako. Papadi, ile chapati nyembamba kavu inayovunjika, omba ichomwe kwenye moto, isikaangwe. Dosa, zile chapati nyembamba za kumimina, na idli, vikeki vya mvuke, za mchele na dal (jamii ya dengu) zinakufaa, ila dosa ya suji ni ngano. Vyakula vya soya sosi usiviguse, soya sosi nyingi zina ngano. Wali mweupe hauna neno.

Mama yako bado anajilaumu kwa ule uji wa lishe aliokuwa anakupa kila asubuhi. Alikuwa anasaga mahindi, karanga, soya na ngano pamoja, akiamini anakujenga. Tulidhani ni minyoo. Vidonge vya kuongeza damu ulimeza na damu haikupanda, hadi daktari alipotuambia ni seliaki, kwamba gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai, inaufanya mwili wako uushambulie utumbo wako mwenyewe. Hakuna dawa zaidi ya kuiacha maisha yote. Na sisi tulikuwa na mtama na uwele ndani, chakula cha babu zako, visivyo na gluteni kabisa!

Najua una haya, mama. Wenzako wanne mezani, wewe unamwita mpishi. Lakini mimi nimekaa upande wa pili wa ule mlango wa jikoni, na nakuambia mpishi hachukii kuulizwa. Mimi yule mteja angeniita na kuniomba kikopo, ningekileta mwenyewe.

Unga wa uwele kilo 5 nimeutuma na basi la kesho asubuhi. Mwenye mashine alikubali kuisafisha kwanza, nami nilisimama pale nikimtazama.

Na ukirudi pale na wenzako, piga picha ya kikopo cha hing, upande wenye maandishi, unitumie. Nitakaa na simu mkononi.

Baba yako