Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: mazoezi, milingoti na ziara tunayoililia

Ndugu wanachama wa chama chetu cha raga hapa Mtwara, wazazi mlioacha shughuli zenu, na mlezi wetu uliyefika kabla ya kamati yenyewe: shikamooni wakubwa, na vijana hamjambo.

Hesabu ataisoma mhazini baada yangu, na kwa tabia yake hapendi kuingiliwa. Mimi fedha nitazigusa pale tu zinapoamua jambo.

Nianze na mahudhurio. Mwaka huu, kama miaka yote, ilipofika Oktoba uwanja ukabaki na wanafunzi wa bweni na mbuzi wa jirani. Korosho zimeanguka, watu wako Newala, Tandahimba na Masasi. Simlaumu yeyote. Kijana akiitwa na bibi yake kuokota korosho hawezi kumjibu kwamba leo kuna mazoezi ya skramu, kule kusukumana kwa mabega. Ila chama hakiwezi kuendelea kupanga mechi muhimu za Novemba halafu kushangaa tukicheza pungufu. Kwa hiyo kamati imeamua msimu wetu uanze Mei, mvua zikishakatika, na uishie Septemba. Ada nayo haitadaiwa tena Januari mosi. Italipwa AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika, zikishalipa wakulima, maana ndipo pesa inapokuwa mfukoni, na mhazini ameniahidi hatakuwa na kisingizio cha kuwa mpole.

Milingoti yetu mipya ya goli imesimama. Ni ya mivinje, imechongwa na fundi wa majahazi wa Mikindani ambaye hajawahi kuona raga maishani mwake. Tulimpa vipimo: mita 5.6 kati ya mlingoti na mlingoti, na mti wa kati unaolala baina yake uwe mita 3 kutoka chini. Akauliza mashua gani inabeba tanga la namna hiyo. Kazi yake ni nzuri, isipokuwa mti wa kati umefungwa kwa kamba ya nailoni ya wavuvi, na jua la mchana likiukolea unalegea na kushuka katikati. Nahodha wa wanawake aliupima kwa futikamba akakuta pungufu ya kiganja kizima. Wapigaji penalti wetu, ambao mpira lazima waupitishe juu ya mti huo, wamekuwa hodari ghafla mwaka huu, na sasa mnajua sababu. Utakazwa kwa bolti.

Kuhusu usalama nitasema kwa ukali kidogo. Sheria ya mchezo huu duniani kote ni kwamba mchezaji akigongwa kichwa na ikashukiwa ametikisika ubongo, anatoka hapohapo na harudi siku hiyo, hata aape kwa jina la mama yake kwamba yuko sawa. Mwezi Julai kijana wetu mmoja wa mbele aligongwa, akainuka na kuanza kurudi upande wa wapinzani. Baadhi ya wazee pembeni wakapiga kelele kwamba aachwe, mwanamume haanguki mara moja. Kocha akamvua jezi na kuikalia. Kamati inasimama na kocha. Anayeona huo ni uoga aje ofisini tuzungumze, pembeni mwa uwanja asiseme.

Sasa nije kwenye jambo lililowaleta wengi wenu. Barua ya vijana ya kuomba ziara ya nje ya nchi tuliipokea, tukaisoma neno kwa neno. Wanasema timu isiyosafiri haikui. Wanataka Pemba ya Msumbiji, kwa hoja kwamba kwetu Pemba iko karibu kuliko Dar es Salaam, na lugha si tatizo kwa mtu aliyekulia kwenye masoko ya mpakani.

Kwa ramani wana haki. Kwa hali ilivyo, hapana. Njia ya kivuko cha Kilambo, mto Ruvuma, inapita ng'ambo kwenye wilaya zilezile za Cabo Delgado ambazo zimepigwa tangu Mocímboa da Praia iliposhambuliwa Oktoba 2017, na Palma mnamo Machi 2021. Kitaya, kijiji cha upande wetu huu kilichoshambuliwa nacho, hatujaisahau. Kuzunguka kwa Daraja la Umoja pale Mtambaswala kunarefusha safari na bado mnatokea jimbo hilohilo. Hakuna mjumbe wa kamati aliye tayari kumwangalia mzazi machoni na kumwombea saini kwa safari hiyo.

Ila swali la vijana halikuwa la Pemba peke yake. Waliuliza: timu inapata nini ikisafiri kwa muda mfupi nje ya kwao? Hapo katibu wetu, ambaye ni mwalimu wa historia na haachi kutukumbusha, alituletea habari ya Wales mwaka 1964. Nimeona niwape kwa urefu, kwa kuwa ndiyo iliyogeuza mawazo yangu na ya kamati.

Wales ni nchi ndogo ambako raga ni kama Simba na Yanga kwetu. Mwaka huo timu yao ya taifa ilifunga safari ya kwanza kwenda nje ya Ulaya. Mechi tano, muda usiofika wiki tatu. Kituo cha kwanza kilikuwa Nairobi, tarehe 12 Mei, dhidi ya timu ya Afrika Mashariki. Fikirini tarehe hiyo. Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ulikuwa na siku 16. Kenya ilikuwa na miezi mitano tu ya uhuru. Na timu iliyobeba jina la Afrika Mashariki uwanjani ilikuwa kwa sehemu kubwa ya walowezi na watumishi wa Kizungu. Wales wakashinda 26 kwa 8, wakapanda ndege kwenda kusini.

Tarehe 23 Mei, Durban, wakakutana na Afrika Kusini. Wakafungwa 24 kwa 3. Vijana wa leo mtaona si kitu, mmezoea trai, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, ya pointi 5. Wakati ule trai ilikuwa pointi 3, kwa hiyo 24 ni kipigo cha mbwa koko. Afrika Kusini walipata trai tatu, wakazigeuza zote kwa mkwaju wa ziada baada ya kila trai, wakaongeza penalti mbili na goli moja la mpira wa kudondosha na kupiga. Wales penalti moja, basi. Hawakuwa wamefungwa vibaya hivyo tangu 1924, pale Uskoti ilipowapiga 35 kwa 10. Na wakati ule hakukuwa na mchezaji wa akiba: ukiumia umeumia, wenzako wanamalizia pungufu.

Nahodha wao alikuwa Clive Rowlands, aliyejulikana kwa kupiga mpira nje kila alipoushika. Mwaka mmoja kabla, walipoifunga Uskoti 6 kwa 0 kule Edinburgh, mpira ulitoka pembeni na kurushwa tena mara 111 katika mechi moja. Walishinda, na watazamaji wakasinzia. Durban iliwaonyesha kwamba ujanja wa kukwepa mchezo una mwisho wake.

Safari ile ilimalizika kwa ushindi wa mechi tatu na kupoteza mbili. Chama kingine kingeandika kwenye taarifa ya mwaka kwamba ziara ilifana, wachezaji waliona nchi za watu, tunawashukuru wenyeji. Wao walirudi nyumbani wakaunda kikundi cha kuchunguza jinsi mchezo unavyofundishwa kwao. Siku hizo kwa Wales na jirani zake kuwa na kocha wa timu ya taifa kulionekana kama kuuharibu mchezo wa ridhaa. Nahodha ndiye aliyepanga kila kitu. Wales wakaivunja desturi hiyo. Mwaka 1967 wakamwajiri Ray Williams kuratibu ufundishaji nchi nzima, na mwaka huohuo David Nash akawa kocha wa kwanza wa timu ya taifa. Aliyempokea 1968 ni Rowlands yuleyule, nahodha wa Durban. Chini yake, mwaka 1971, Wales wakazifunga timu zote nne walizoshindana nazo kwenye mashindano ya Mataifa Matano ya Ulaya. Wakarudia kuwafunga wote 1976 na 1978, yeye akiwa ameshaachia kiti.

Kuna upande wa pili ambao mlezi wetu alinikumbusha nisiufiche. Ile Afrika Kusini waliyoitembelea ilikuwa ya makaburu, na mtu mweusi hakuruhusiwa kuvaa jezi ya timu ya taifa. Mwaka uleule nchi hiyo ilizuiwa kuingia Olimpiki ya Tokyo kwa sababu ya ubaguzi. Raga ikaendelea kuitembelea kama hakuna kitu. Wales walicheza mechi ya mwisho Bloemfontein tarehe 30 Mei. Tarehe 12 Juni, Nelson Mandela na wenzake wakahukumiwa kifungo cha maisha. Sisi wa kusini hii, ambao wapigania uhuru wa Msumbiji, FRELIMO, walijifunzia kwetu Nachingwea, hatuwezi kuisoma ziara ile kama mechi tupu. Na wanaosema raga haijawahi kumgusa Mtanzania wamesahau 1976. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda Afrika Kusini, nchi yetu pamoja na nchi nyingi za Afrika zikaisusia Olimpiki ya Montreal, na Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974 mbele ya John Walker wa New Zealand, akabaki nyumbani. Walker akachukua dhahabu. Wazee wenye redio wakati ule wanakumbuka. Kwa hiyo unakokwenda kucheza, na unacheza na nani, ni sehemu ya ziara.

Nirudi kwetu. Kilichotushika kwenye habari ya Wales ni kile walichofanya walipotua nyumbani. Nikauliza kwenye kikao: tukifungwa Dar au Nairobi, nani kati yetu ana ujuzi wa kutuambia tumefungwa kwa nini? Kikao kikanyamaza, isipokuwa mjumbe mmoja aliyesema tutakuwa tumechoka na basi. Basi linachosha, sikatai, lakini si jibu la kuandika kwenye ripoti.

Kamati kwa hiyo inaleta mbele yenu pendekezo hili. Fedha zilizochangwa kwa jina la ziara zisirudishwe wala zisilale. Kwanza zimlipie kocha wetu mmoja na mwamuzi mmoja, ambaye tunataka awe mwanamke, nauli na malazi ya kwenda kwenye mafunzo yatakayopatikana Dar es Salaam au Arusha. Kabla ya hapo wote wawili wamalize kozi za bure za mtandaoni za World Rugby, shirikisho la raga la dunia. Bando watapewa na chama. Baada ya hapo, mwezi Julai, tufanye ziara fupi ya ndani: Dar es Salaam, mechi mbili, timu ya wanaume na ya wanawake.

Wapo watakaosema Dar si ziara. Ni zaidi ya kilomita 550, na mwezi Mei 2024 barabara hiyo ilipokatwa na mvua kule Kilwa tulijua sote kwamba Dar ni mbali. Wengine wanapendekeza Arusha, kwa kuwa raga ina mizizi kule. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na sisi mapafu yetu ni ya Shangani, hapa pwani. Ukifika leo na kucheza kesho, dakika ya ishirini unatafuta pumzi. Arusha itafuata tukishajua kusafiri.

Maana kusafiri nako kunajifunzwa. Julai 2018 wachezaji wa taifa wa Zimbabwe walilala barabarani mjini Beja, Tunisia, na mizigo yao, wakigomea hoteli waliyopewa, nao wako kwenye mechi za kutafuta Kombe la Dunia. Wachezaji wa taifa, si wa mkoa. Miaka saba baadaye, Julai 2025, Zimbabwe ikaifunga Namibia 30 kwa 28 mjini Kampala na kukata tiketi ya Kombe la Dunia la 2027 Australia, mara ya kwanza tangu 1991. Nimefurahi nao kama ndugu. Lakini katibu ameagizwa asikubali mwaliko wowote wa simu. Mwenyeji aandike tutalala wapi, tutakula nini, na nani atatupokea stendi.

Masharti mengine ya ziara ni mafupi. Kocha ndiye wa kwanza kupata kiti, na nauli ikipungua atakatwa mchezaji, au mwenyekiti. Wasichana watasafiri na mama mlezi watakayemchagua wao, na hakuna aliye chini ya miaka 18 atakayepanda basi bila barua ya mzazi. Kila mchezaji akirudi ataeleza mbele ya wenzake jambo moja alilofanyiwa uwanjani na hakulijua dawa yake. Kocha atayaandika, na mazoezi ya Agosti yatatokana na daftari hilo. Chakula cha njiani kila mtu na chake. Aliyekuja na ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, ya kutosha agawie, ndivyo tulivyolelewa.

Nawashukuru shule inayotupa uwanja, akina mama wa Chikongola wanaotuletea maji bila kudai, na wazazi wa timu ya wasichana, ambao mwaka juzi walikuwa wakija kuwachukua watoto katikati ya mazoezi na mwaka huu wanabaki hadi mwisho wakibishana na mwamuzi. Hilo la pili tutaliongelea.

Pendekezo litapigiwa kura kwa kunyoosha mkono mara tu mhazini atakapomaliza. Asiye na kadi hai ya uanachama asinyooshe. Wanaotaka kwenda mafunzo ya ukocha au uamuzi waandike majina kwa katibu leo hii, siyo kwa kumpigia usiku. Na jezi namba 7 ya kijani, iliyoonekana ikianikwa Magomeni, irudi stoo kabla ya mazoezi ya Jumamosi.