Taarifa ya mwenyekiti mwaka 2025: kuhusu magunia 27 tuliyoyarudisha

Ndugu wanachama wenzangu, poleni na majukumu. Taarifa hii naileta kwa maandishi kwasababu siku ya mkutano mkuu tulikaa watu 58 kwenye chama chetu cha wakulima wa kahawa chenye wanachama 318, na maneno yanayozunguka vilabuni ni mengi kuliko waliokuwepo.

Ya kawaida mnayajua. Miche imegawiwa, mizani imekaguliwa, paa la ghala limezibwa, malipo ya awali yametoka na kahawa imepelekwa chama kikuu. Ada wamelipa 121, mashamba yaliyopimwa yalipo kwa satelaiti 275, tumeuza kwa Fairtrade, yaani soko la biashara ya haki, kontena 1 yaani magunia 320 ya kilo 60 kahawa safi, premiamu, yaani nyongeza juu ya bei, ni senti 20 za dola kila ratili kwahiyo tukapata kama dola 8,400, na kwenye hiyo milioni 6 za shilingi zimeenda kwenye upimaji. Basi.

Sasa nije kwenye lile linalonisemesha.

Mwezi wa 7 mwanachama mwenzetu mmoja, jina silitaji, alileta ghalani magunia 27 ya maganda, yaani kahawa kavu isiyokobolewa, karibu kilo 1,600. Mimi mwenyewe nilikuwepo kwenye mizani. Tukafungua gunia la kwanza maganda meusi yamekauka vizuri, la pili mekundu bado yana unyevu ukiyabana yananata, la tatu limejaa mchanga, yaani lilianikwa chini. Kibanja kimoja, yaani shamba moja la nyumbani, hakitoi kahawa za aina 3 siku moja. Tukaangalia daftari, huyu bwana ana miti 90. Miti 90 ya kahawa haitoi kilo 1,600 hata mvua iwe nzuri vipi, na nilipomuuliza zimetoka wapi akasema za ndugu. Ndugu gani, wako wapi, kimya. Nikasema hazipokelewi, na ningesema hivyo hivyo angekuwa mdogo wangu.

Watu wanasema mwenyekiti kamtosa mwenzetu kwa ajili ya Wazungu wanaonunua kahawa. Hapana jamani. Kahawa isiyo na shamba hapa kwetu kila mtu anajua ni ya nini, ni butura, yaani kahawa iliyonunuliwa ikiwa bado maua. Mama ana ada ya shule inamkaba, kahawa bado ni maua mtini, anakuja mtu na hela mkononi anamlipa nusu ya bei au chini ya hapo, ikiiva anakuja kuchuma yeye, mbivu na mbichi pamoja, na matawi anayavunja. Alafu kahawa hiyo hiyo inapita ghalani kwetu kwa jina la mwanachama mzuri na premiamu anaila mlanguzi. Serikali inaikataza butura miaka yote lakini pa kuizuia kweli ni kwenye mizani, hakuna pengine. Mwaka jana nilimkuta mjane mmoja amekaa mlangoni anaangalia watu wanachuma kibanja chake mwenyewe na hawezi kusema kitu. Mimi hilo sijalisahau.

La pili, hela za upimaji, wanaosema nilizitumia bila wanachama kuamua. Ni kweli matumizi ya premiamu yanaamuliwa na mkutano mkuu na mimi sikuruka mkutano. Tuliitisha mara 2 akidi haikutimia, mara ya 3 tukaamua tuliokuwepo na muhtasari upo ofisini, sasa ambaye hakuja mara zote 3 anapokuja kunambia hakushirikishwa mimi nimjibu nini?

Na wapo wanaosema tumepoteza hela za upimaji kwasababu sheria ya Ulaya ya kuzuia kahawa ya misitu iliyokatwa imeahirishwa. Sheria ile ni ya mwaka 2023, inataka kahawa iwe na shamba linalojulikana na shamba hilo lisiwe limekatwa msituni baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Ilikuwa ianze mwisho wa 2024, ikasogezwa 2025, sasa tena Desemba 2026 kwa makampuni makubwa na ya kati, wadogo Juni 2027. Kusogezwa sio kufutwa. Mnunuzi anayejipanga mapema anauliza namba za mashamba leo, na sisi tunazo. Shamba lisilozidi hekta 4 linatosha nukta moja tu ya GPS, yaani alama ya mahali lilipo, na kwetu hakuna hata mmoja anayefika hekta 4, kwahiyo ile hofu kwamba tunapima ili ardhi ichukuliwe au kodi ije haina msingi, nukta haina hata mipaka. Vijana wa upimaji walisimama katikati ya migomba wanasubiri simu ishike satelaiti, na mashamba ya kule mbali niliwapeleka kwa pikipiki yangu na mafuta yangu, risiti sikuleta.

Kitu kimoja nawaomba sana, msikate miti ya kivuli. Nimesikia kuna wanaofyeka eti satelaiti isiseme ni msitu. Ni kweli picha ya juu inaweza kuchanganya kahawa ya kivulini na msitu lakini ndo maana tumepima kwa miguu, kibanja cha babu chenye migomba na kahawa ni shamba, sheria yenyewe haikihesabu kama msitu. Ukikata kivuli unaumiza kahawa yako mwenyewe.

Kuhusu ada inaniuma, shilingi 10,000 kwa mwaka na watu 197 hawajatoa, lakini siku ya malipo foleni inafika barabarani.

Mwakani tunatarajia Mungu akijalia tupate vichanja vya kuanikia na kipima unyevu, na ikiwezekana mfuko mdogo wa kumkopesha mwanachama ada ya shule ili asiuze maua, bado tunaongea na chama kikuu. Mashamba 43 yaliyobaki tunaanza kuyapima msimu wa senene ukiisha, mwenye shamba awepo nyumbani, na yule mwenzetu wa magunia 27 uanachama wake upo palepale, alete kahawa ya miti yake 90 tutaipokea.