Baba mdogo, niruhusu nimlilie King Majuto

Baba mdogo, shikamoo.

Ujumbe ulioutuma kwenye grupu la ukoo baada ya mazishi ya Mzee Majuto niliusoma mara ya kwanza nikiwa dukani, nikauacha, nikaurudia usiku watoto wamelala. Uliandika tumwombee marehemu maghufira, na hapo sote tuliitikia amin. Kisha ukasema tuzifute video zake kwenye simu, tusirushiane tena, kwa kuwa kila kicheko sasa kinamfuata kaburini. Ukamalizia kwamba haipendezi mtu mzima kumlilia mchekeshaji kama anayemlilia mzazi wake. Vijana waliandika "sawa babu" wakanyamaza. Mimi sikuandika kitu.

Nakujibu hapa hadharani kwa sababu maneno hayo si yako peke yako. Nimeyasikia kwenye baraza za kahawa huku Ngamiani, nimeyasikia sokoni Mgandini, na juzi ndani ya daladala abiria wawili walikaribia kugombana kwa ajili yake. Sikuandikii kukuvunjia heshima. Tangu baba afariki wewe ndiye uliyekaa mahali pake, na posa yangu ulipokea wewe. Kwenye elimu ya dini sina ubavu wa kushindana nawe na sitajaribu. Hesabu ya aliyetangulia iko kwa Mola wake. Ninachotaka ni kukueleza kwa nini tunalia.

Huyu mzee alizaliwa papa hapa Tanga mwaka 1948, jina lake Amri Athumani. Alianza kuigiza mwaka 1958, mtoto mdogo, bendera ya Mwingereza ikiwa bado inapepea. Fikiria hilo, baba. Kuanzia siku hiyo hadi Jumatano ya Nane Nane mwaka huu wa 2018, alipofariki hospitali ya Muhimbili, ni miaka 60 ya kazi moja. Alipita kwenye majukwaa, akapita kwenye kanda za kaseti, zikaja kanda za video, zikaja DVD, mwisho akaingia kwenye simu za watoto ambao hata kaseti hawaijui. Kila chombo kilichokuja alikikuta kigeni na kila kimoja akakiweza. Na jina lilipokua, hakuhama. Wasanii wengi wakishapata jina makazi ni Dar es Salaam, huku kwao wanakuja kuzika. Yeye nyumba yake ilikuwa Donge na kwao palibaki kuwa Tanga.

Sitakudanganya kwamba kila alichocheza kilikuwa kizuri. Filamu nyingi zilipigwa haraka haraka, hadithi nyepesi, sauti inapotea katikati, na zipo ambazo hata mimi nisingekaa nazo pamoja na wanangu. Lakini umewahi kumtazama akiingia? Kabla hajatamka neno, anasimama mlangoni, anakagua chumba kwa jicho moja kama mtu aliyeibiwa, mdomo unajikunja, bega linapanda, na nyumba nzima tayari wanajua leo kuna ugomvi. Hasira yake ilikuwa ya kweli. Ndiyo maana tulicheka. Waigizaji wa siku hizi wanajichekesha wenyewe kwanza, halafu wanatusubiri sisi. Yeye hakumsubiri mtu. Alikuwa anadai haki yake ya chai, au anapinga kutoa pesa ya mboga, kwa uchungu wote wa mtu anayedhulumiwa, na sisi tukabaki kushika mbavu.

Na angalia alichokuwa anakicheza. Mzee bahili. Mzee mwenye tamaa, anayemkimbilia binti wa umri wa mjukuu wake. Mzee mwongo anayeapa kwa Mungu huku pesa iko kwenye soksi. Sisi watu wa pwani tumelelewa kwamba mkubwa hakosolewi. Ukimwona babu yako ana kosa, unainamisha macho unapita. Basi wazee wa aina ile tunao, tunawajua kwa majina, na hakuna wa kuwaambia. Majuto, mzee mwenyewe, alizichukua aibu zile akazivaa yeye, mbele ya wake na watoto na wajukuu, na kila mara mwishoni mzee aliumbuka. Baba na mtoto walikaa mkeka mmoja wakacheka pamoja, na mwenye kuelewa alielewa bila mtu kumnyooshea kidole. Khatibu anaweza kusema jambo hilo kwa saa nzima na mlengwa akasinzia. Nasema hivi kwa heshima zote, maana na wewe ni khatibu.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijawahi kukusimulia.

Mama alipokuwa eda ya baba, nyumba ilikuwa kimya mno. Unakumbuka ulivyokuja mara kwa mara, unakaa ukumbini, unamsalimia kupitia mlangoni, unaacha mfuko wa sukari, unaondoka. Alikuwa anakuitikia vizuri. Ulipoondoka alirudi kuwa jiwe. Hakuwa analia, na hilo ndilo lililotutisha. Anaswali, anavuta tasbihi, anakula vijiko viwili vya uji, analala akitazama ukuta. Jina la baba halikutoka kinywani mwake hata mara moja. Sisi nasi tukaogopa kulitaja.

Jioni moja mdogo wangu alikuwa chumba cha pili anatazama Majuto, sauti ameishusha mpaka mwisho kwa kuogopa kugombezwa. Mama akaita kutoka ndani: "Huyo si Majuto huyo? Hebu ongeza." Tukatazamana. Mdogo wangu akaongeza. Mama akatoka akasimama kwenye kizingiti cha chumba, tasbihi mkononi, kanga kaivuta hadi kwenye paji la uso. Majuto alikuwa anagombana na mkewe juu ya pesa ya matumizi, anaihesabu sarafu kwa sarafu, anatoa moja, anairudisha mfukoni, anaitoa tena. Baba mdogo, unamjua kaka yako. Unajua alivyokuwa anaziweka sarafu chini ya sinia asubuhi, moja moja, na akifika mlangoni anarudi kuzihesabu upya. Mama alianza kucheka polepole, kisha akacheka mpaka akaushika mwimo wa mlango, kisha kile kicheko kikageuka kilio, akaketi pale pale chini, analia na kucheka kwa pamoja. Akasema, "Mulemule. Mulemule kama marehemu." Usiku ule alitusimulia habari za baba mpaka tukachelewa kulala. Alitusimulia alivyomchumbia, baiskeli yake ya kwanza, ugomvi wake na wewe juu ya lile shamba la machungwa Muheza na jinsi mlivyopatana. Kesho yake aliomba samaki.

Ukiniambia kwamba kicheko kile ni mzigo kwa aliyekisababisha, nitakusikiliza mpaka umalize, lakini moyo wangu hautakubali. Mimi nilikuwepo. Niliona mtu akirudi kwetu.

Tena kicheko ndani ya msiba hakukileta Majuto. Mazishi yale yale ya baba, watani walikuja. Yule bibi wa upande wa watani zetu alivaa koti la baba, akajitwika kofia yake, akatembea kwa ule mwendo wake wa kuvuta mguu wa kulia, akaenda kujilaza njiani jeneza lilipokuwa linataka kutoka, akasema marehemu anamdai na yeye haondoki mpaka alipwe. Watu wenye machozi usoni wakacheka. Wewe ndiye uliyetoa noti ukampa ili anyanyuke, na ulipokuwa unampa ulicheka, nilikuona, na dakika chache baadaye ulikuwa unalia kuliko sisi sote. Hakuna aliyesema yule bibi hana adabu. Angekosa kuja tungesema watani wametususa.

Majuto alifanya kazi ya yule bibi kwa nchi nzima. Alivaa koti la kila baba yetu na akatembea mwendo wake mbele yetu, tukalia vizuri, tukasameheana vizuri. Ndivyo ninavyomwelewa. Na ndiyo maana alipokufa yeye, watu wa Tanga hawakujua walie vipi. Mtani akifa, nani wa kuvaa koti lake?

Tulishaonja jambo kama hili mwaka 2012. Yule kijana wa Muheza, Sharo Milionea, aliyekuwa akicheza naye, yeye sharobaro wa mjini na Majuto mzee asiyeelewa mambo ya vijana, alifariki kwa ajali ya gari tarehe 26 Novemba akiwa njiani kuelekea kwao, karibu kabisa na nyumbani. Akazikwa Lusanga. Watu walizoea kuwaona wale wawili wakirushiana maneno, mkubwa akilalamika kwamba vijana wamemchosha, halafu aliyetangulia akawa kijana. Mwaka huo huo, mwezi wa Aprili, tulikuwa tumeshampoteza mwigizaji Kanumba. Sijui kama wewe uliifuatilia misiba ile. Huku vijiwe vilikuwa kimya kwa siku kadhaa.

Nije kwenye mzigo, maana neno ulilitumia wewe. Upo mzigo ninaouona mimi, na hauko kwa wanaocheka. Mwaka huu huu, mzee akiwa mgonjwa, ilisikika wazi kwamba kazi zake ziliwanufaisha wengine na yeye hakupata stahiki yake, na Mwakyembe, waziri mwenye dhamana ya sanaa, akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Mzee alipelekwa India kutibiwa, akarudi, na bado watu walikuwa wanachangishana. Mtu aliyefanya kazi miaka 60, ambaye sura yake ilikuwa kwenye kila kibanda umiza kuanzia Horohoro hadi Songea! Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha kwamba kitu cha kwanza kuulizwa kwa maiti ni deni, anadaiwa na nani na anamdai nani, na kwamba anachodai ni haki ya warithi wake. Basi wapo wanaodaiwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu mwaka 1999, COSOTA, chombo cha kusimamia haki hizo, ipo, na haki ya mtunzi hapa kwetu haifi naye, inaendelea miaka 50 baada yake. Mimi ningetamani siku ya Ijumaa useme hilo pale mbele. Useme kwamba aliyechukua jasho la marehemu kwa karatasi ambayo marehemu hakuelezwa vizuri, awatafute warithi. Watu wanakusikiliza, baba. Neno lako moja juu ya hilo lingemfaa mzee Amri kuliko sisi kufuta video mia.

Kuhusu zile zisizofaa, nakubaliana nawe. Nimewaambia wanangu zipi hawatazami na sababu nimewapa. Lakini ile anayofukuzana na kuku, na ile anayogoma kula mpaka aitwe mara tatu, hizo zimebaki kwenye simu yangu na kwenye simu ya mama. Nikimaliza kucheka namwombea dua, kwa jina lake alilopewa na wazazi wake. Watoto nao nimewazoesha hivyo. Mdogo wao wa mwisho sasa anasema "Mungu amrehemu" kabla hata video haijaisha.

Kuna jambo moja tu nataka kwako. Baba aliwahi kunisimulia kwamba mlipokuwa vijana wadogo mlikwenda pamoja kumtazama Majuto jukwaani, wewe na yeye, kwa baiskeli moja, na kwamba mlirudi usiku mkapigwa. Aliniahidi atanimalizia siku nyingine, hakuwahi. Sijui palikuwa wapi, alicheza nini, mlicheka nini. Sasa anayeyajua hayo umebaki wewe peke yako, na mimi nataka kuyaandika yote kabla hayajapotea, ya Majuto na ya baba.

Idd ya kuchinja imefika. Mama anasema uje mapema, usifanye kama mwaka jana ulipofika nyama imeshagawanywa. Ukitokea Bagamoyo pita njia ya Msata, lami ni nzuri, usizunguke Dar. Chumba chako nimeshakifagia na chandarua nimebadilisha. Shangazi naye anakuja na watoto wote, kwa hiyo siku ya pili ya Idd, baada ya alasiri, tutakuwa na nafasi ya kukaa ukumbini.

Wasalimie wote huko. Mama anakusalimu sana.

Mwanao, Tanga
Agosti 2018