Barua ya wazi kwa makasisi vijana: mdomo wenu na bahasha ya mheshimiwa

Wanangu mliowekewa mikono juzi,

Nimekuwa msomaji kanisani tangu kabla hamjazaliwa, na siku mlipovaa kola nilitokwa na machozi ya furaha. Jumapili iliyopita nilirudi nyumbani nikashindwa kula.

Mheshimiwa aliingia ibada ikiwa katikati. Mahubiri yakakatizwa. Akina mama wazee wakainuliwa viti vya mbele ili walinzi wake wapate pa kukaa. Akapewa kipaza sauti mbele ya madhabahu, akatoa bahasha, na mmoja wenu akamwita "baba wa kanisa". Benchi la nne kutoka nyuma alikuwa mjane ambaye shamba lake limezungushiwa seng'enge na watu wa mheshimiwa huyohuyo. Mnamjua. Alilia ofisini mwenu mwezi mzima. Vigelegele vilipopigwa, aliinamisha kichwa. Kapu lilipopita, akatia sadaka yake.

Hivi mlisoma 1 Wafalme 21 mkafikiri Nabothi, aliyeuawa ili mfalme achukue shamba lake la mizabibu, alikuwa mtu wa Israeli tu?

Bahasha hizi zimeniudhi miaka mingi. Nimeona kanisa likiezekwa mabati kwa fedha za aina hiyo, kisha miaka tisa mchungaji hakuthubutu kutaja ardhi mimbarani, hata siku za kusoma kitabu cha Amosi, nabii aliyekemea wanaowaonea maskini. Aliruka sura nzima! Msiniambie kanisa ni maskini na haliwezi kukataa. Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Kikatoliki wa Nairobi, Philip Anyolo, aliagiza fedha za Rais William Ruto zirudishwe: milioni mbili za nyumba ya paroko na laki sita za kwaya. Paroko hajalala nje, wala kwaya haijanyamaza.

Nyinyi ni Waanglikana, basi niwakumbushe wa nyumbani. Alexander Muge, Askofu wa Eldoret, aliwahi kuwa polisi wa GSU, kile kikosi cha kutuliza ghasia, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kumweleza serikali inaweza kufanya nini. Hata hivyo alisema juu ya unyang'anyi wa ardhi, na juu ya njaa ya Pokot Magharibi wakati wakubwa hawakutaka itajwe. Agosti 1990 Waziri wa Kazi, Peter Okondo, alitangaza hadharani kwamba Muge akikanyaga Busia ataona moto na huenda asitoke hai. Muge akaenda Busia. Akahubiri. Tarehe 14 Agosti, akirudi, gari lake liligongana na lori la maziwa huko Kipkaren, akafa. Okondo akajiuzulu. Nilisikia habari ile redioni, nikazima, nikakaa gizani bila kuwasha taa. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na aibu pia, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimenyamaza mwaka mzima juu ya jambo dogo kuliko hilo.

Askofu David Gitari alihubiri dhidi ya kura ya mlolongo, ya kupanga foleni nyuma ya mgombea badala ya kura ya siri, na 1989 watu wakavamia nyumba yake usiku. Alipanda juu ya paa akapiga mayowe, majirani wakaja. Januari 1977 Janani Luwum, Askofu Mkuu Mwanglikana wa Uganda, alikuwa bado hai. Februari maaskofu wakamwandikia Rais Idi Amin barua ya kulalamikia ukatili wake, na tarehe 16 Luwum akauawa.

Siwaombi mfe, wanangu. Nina wajukuu wa umri wenu, najua mna ada za shule za kulipa na maaskofu wa kuwaogopa. Naomba kidogo. Hakikisheni mna ushahidi kabla ya kusema. Msiseme mmoja mmoja. Msimtukane mtu, tajeni tendo. Nabii Nathani hakumtukana Mfalme Daudi alipotwaa mke wa mtu. Alimsimulia mfano wa tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake, kisha akamwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo." Na kipaza sauti kibaki mikononi mwenu.

Nasi walei tuna hatia yetu. Ni sisi tunaomwita mgeni rasmi kwenye kila harambee, ni sisi tunaomsengenya kasisi mkali kwa askofu mpaka anahamishwa. Tumewafundisha woga, kisha tunawalaumu kwa kuujua vizuri.

Harambee ya kumalizia mnara ni mwezi ujao, na nasikia mheshimiwa amealikwa tena. Mjane anakaa nyuma ya kituo cha maji, nyumba ya mlango wa bluu. Nendeni mkamwone kabla ya siku hiyo, mkae chini, mmwombe awaonyeshe hati ya shamba lake. Nitawasindikiza.

Mzee wenu