Kwa Hamisi, kuhusu moshi

Tororo, Uganda, Jumapili jioni

Ndugu yangu Hamisi,

Habari za siku nyingi? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, mvua zimeanza.

Uliniuliza kwa nini bado nahangaika na mitambo ya mafuta wakati bwawa letu la umeme la Karuma lilizinduliwa 2024 na lina megawati 600. Kweli, maji yanatubeba sasa. Ila mimi sijasahau 2006: Ziwa Viktoria lilishuka, mabwawa ya Jinja yakaishiwa nguvu, tukawashiwa jenereta za dizeli. Ukame ukirudi tutachoma tena. Na mafuta ya Hoima yakianza kuchimbwa, gesi itatoka pamoja nayo. Nataka tujifunze kuchoma vizuri kabla hatujabanwa.

Kile kituo nilichoanzia kazi kilitumia mafuta mazito, yale meusi, yakipoa ni kama uji wa jana. Unayapasha moto ndipo yatiririke, unayapitisha kwenye mashine inayotenga maji na tope, ndipo yaende kwenye injini. Siku moja nozeli, kile kipuri kinachopuliza mafuta, ya silinda moja ilikuwa imechakaa, mkuu wa zamu akakataa kuzima mtambo. Nozeli isiyo na hitilafu hupuliza mafuta kama ukungu. Ile ilikuwa inadondosha matone, na tone kubwa haliungui likaisha. Nikatoka nje, nikapitisha kidole kwenye boneti ya gari jeupe, kikarudi cheusi. Nyuma ya ukuta mama mmoja alikuwa anaanua nguo zake na kuzirudisha kwenye beseni, moja moja. Iliniuma sana, Hamisi. Kipuri chenyewe unakifumbata kiganjani! Tulipokibadilisha kesho yake, moshi ulipungua mpaka majirani wakauliza kama tumezima.

Salfa, inayoutia moshi sumu, ni jambo jingine, hiyo imo ndani ya mafuta yenyewe. Kwenye mitambo ya makaa ya mawe huuosha moshi kwa maji ya mawe ya chokaa kabla haujafika kwenye dohani. Mawe hayo tunayo hapa Tororo, tunayapeleka kwenye saruji tu.

Kinachonivutia zaidi kiko huko kwenu. Kituo cha umeme cha gesi cha Kinyerezi II, pale Dar, megawati 240: moshi wa moto unaotoka kwenye tabaini za gesi, zile mashine zinazozungushwa na hewa ya moto, hauachwi uende, unachemsha maji, na mvuke wake unazungusha tabaini nyingine. Tabaini ya gesi ikiwa peke yake hutupa zaidi ya nusu ya joto angani. Gesi ya Hoima ikija kuzalisha umeme, nisingependa tujenge kitu pungufu ya hicho. Kukamata kaboni, yaani kuzuia hewa ya ukaa isipande angani, kama walivyoanza Kanada mwaka 2014 kwenye kituo cha makaa ya mawe cha Boundary Dam, kwetu naona bado ni mbali: kazi hiyo yenyewe inakula umeme mwingi, na sisi kila yuniti tunaihesabu.

Nitashuka Dar mwezi wa nane. Wewe una watu pale, niombee ruhusa mapema niingie Kinyerezi nikaione hiyo boila inayochemsha maji kwa moshi, kwa macho yangu. Viatu vya kazi nitakuja navyo.

Wako,
Okoth